Duka Linafungwa Saa Tisa

Jumatatu, 2 Oktoba

Kauntabuku hii ilikuwa ya oda za mikoani. Kuanzia leo ni ya mambo ya nyumbani kwangu, kwa amri ya Severa, mtaalamu wa lishe wa kliniki ya watoto kule Upanga. Amesema kila familia iwe na mtu mmoja wa kuandika siku zinavyokwenda. Mke wangu Josepha alininyooshea kidole kabla dada wa watu hajamaliza kusema. "Aandike Baba Jovi, ndiye mwenye maneno mengi." Haya, naandika.

Mimi ni Leodegar, muuza mashuka na mablanketi kwa jumla, Kariakoo. Mtaa mzima wananiita Mangi, yaani chifu wa Kichagga, kwa sababu natoka Rombo na nina duka, na kwao hiyo inatosha. Binti yetu Jovitha yuko darasa la tano. Daktari ameona uzito wake umezidi umri wake, na sukari kwenye damu imeanza kupanda. Bado si kisukari, alisema, ila inaelekea huko tukilala. Nilikwenda kliniki nikitegemea kupewa dawa, au karatasi ya vyakula alivyokatazwa, nimkabidhi mtoto aifuate, mimi nirudi kwenye mzigo wangu.

Severa hakutoa karatasi. Aliuliza, "Mtoto huyu anakula na nani?"

Tukatazamana. Mimi nakula dukani nimesimama, wakati wowote wateja wakipungua. Josepha anakula nyuma ya duka, kwenye cherehani yake ya mapazia. Jovitha anapewa hela ya chipsi. Hakuna anayekula na Jovitha.

Kisha akatupandisha wote watatu kwenye mzani. Nikamwambia mgonjwa ni mtoto. "Baba, hapa hatumtibu mtoto peke yake," akasema. "Tunaitibu nyumba." Mzani ulisema nini juu yangu sitaandika. Kitambi hiki nimekijenga kwa miaka, na wateja wa mikoani wanakiamini kuliko leseni niliyotundika ukutani.

Jumanne, 3 Oktoba

Masharti yenyewe ni haya. Soda zitoke kwenye friji la nyumbani na la dukani. Kutoka nyumbani Mchafukoge mpaka dukani ni kwa miguu, hakuna bajaji. Chakula kiwe kimoja kwa wote, nusu ya sahani iwe mboga, na mlo mmoja kwa siku tule pamoja tumekaa. La mwisho ni kwamba asitajwe uzito na mtu yeyote nje ya kliniki, si kwa kumsema wala kwa kumsifia. Nilimwambia Severa hilo ndilo rahisi kuliko yote.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mama Benedikta wa Songea amekuja kuchukua mzigo. Ni mteja wangu mkubwa kuliko wote, na mteja wa namna hiyo Kariakoo anakalishwa kwenye kiti na kupewa soda ya baridi kabla hajataja bei. Leo nimempa maji. Aliyatazama, akanitazama mimi.

"Mangi, umefiwa?"

Jumatatu, 9 Oktoba

Leo nilikuwa nafungua robota la mablanketi nimwonyeshe mteja, yakaanguka maganda ya biskuti. Si mawili matatu, ni mengi, yamekunjwa vizuri na kusukumwa katikati ya mablanketi. Mteja akacheka akasema una panya msafi. Mimi sikucheka.

Jovitha alipofika kutoka shule sikumfokea, kwa sababu Josepha alikuwa amenikazia macho. Josepha ndiye aliyemuuliza, huku akiendelea kushona, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Mtoto akajibu akitazama sakafu. Shuleni hali kitu tangu mwaka jana. Akila, wenzake wanakaa kumtazama, wanahesabu matonge kwa sauti. Mtaani pia watu wanamtazama. Kwa hiyo anakaa na njaa mchana kutwa, halafu anakula mahali ambapo hakuna macho, na hapo anakula mpaka tumbo linamuuma.

Nilimpigia simu Severa. Akasema tusihangaike na kilo kwanza. "Mtoto asiyeweza kula mbele ya watu, baba, hatutaweza kumfundisha kula. Anzeni na hilo." Nimekaa nalo jioni yote. Mimi nimezoea kuona watu wananiogopa kidogo, na mwanangu anaogopa sahani.

Jumanne, 10 Oktoba

Tumeamua. Jovitha anatoka shule saa nane na nusu, na shule iko hatua chache kutoka mtaa wetu. Saa tisa alasiri tutafunga duka, tule pamoja humo ndani, tumeshusha mlango wa chuma mpaka chini ili asionekane na mtu. Nusu saa tu. Wazo ni la Josepha. Nilimwambia saa tisa ndipo wateja wa mikoani wanamalizia manunuzi waende stendi. Akasema, "Najua. Ndiyo maana Jovi ataona tunamaanisha."

Anuari, mwenye duka la viatu upande wa pili, aliniona nashusha mlango. Yeye hufunga muda huohuo kwenda kuswali Alasiri.

"Mangi! Mimi naenda msikitini. Wewe unafungia nini?"

"Nafungia wali."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndani, Josepha alitandika shuka jipya juu ya robota, akafungua hotipoti. Wali, maharage, mchicha, samaki. Jovitha alikula vijiko vichache akiutazama mlango. Nje watu walikuwa wanagonga.

Jumatano, 11 Oktoba

Ugali, dagaa, matembele. Duka lilifungwa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Ndizi na maharage. Duka lilifungwa. Wateja wawili wamekwenda kwa jirani na mmoja wao hakurudi. Nimeuma meno.

Jumatano, 18 Oktoba

Mtaani wanasema nimefilisika, najificha wanaonidai. Anuari ndiye aliyeniletea habari, na akaongeza kwamba kuna wengine wanasema nimejiunga na dini ya maombi ya mchana. Nilimweleza ukweli, wa mtoto na wa sahani. Hakucheka. Kesho yake, yaani leo, amebandika karatasi kwenye mlango wake: ANAYETAKA MASHUKA ASUBIRI, MANGI ANAKULA, ATAFUNGUA. Nimemwambia ananidhalilisha. Kumbe wateja watatu walisubiri.

Jumapili, 22 Oktoba

Kanisani kwa miguu, kwenda na kurudi. Mimi ndiye niliyeomba tupumzike. Jovitha alisimama akanisubiri bila kunicheka, na hapo nikajiona mzee.

Jumatano, 25 Oktoba

Tembele na samaki. Jovitha aliniuliza kama Rombo tulikuwa tunakula mboga hizi. Nikaongea mpaka chakula kikapoa. Alimaliza sahani yake akisikiliza, hakuutazama mlango hata mara moja. Moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Jumamosi, 28 Oktoba

Dada yangu Mektilda amefika kutoka Rombo, amekuja kwenye sendofu ya binti wa rafiki yake anayeolewa. Alipomwona Jovitha hata hakuitikia shikamoo vizuri.

"Leodegar, biashara imekufa? Mbona mtoto amepungua mashavu? Nikirudi nyumbani niwaambie nini, kwamba mjini hamli?"

Alikuwa amekuja na ndizi za mtori na nyama, akapika mwenyewe, akamjazia Jovitha sahani mpaka ukingoni. "Kula mwanangu, hawa watakuua." Jovitha akaweka mikono chini ya meza. Nilifungua mdomo, ila kumjibu Dada Mektilda ni kazi ambayo sijawahi kuiweza tangu utotoni. Josepha ndiye aliyenyanyuka, akaleta bakuli la mchicha, akapakua kwenye sahani ya wifi yake kwanza. "Dada, hapa tunakula wote sawasawa. Na mtoto huyu hatumsemi mwili. Mashavu yake ni yake." Alisema kwa upole, kama anayekaribisha chai. Dada Mektilda akautazama mchicha muda mrefu, halafu akala.

Miaka yote nimekuwa nikisema mke wangu ni mpole. Nilikuwa simjui.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua tangu alfajiri, barabara ya Jangwani haipitiki. Duka lilifungwa saa tisa kama kawaida. Jovitha amecheka mpaka chakula kikamtoka puani kwa sababu ya hadithi ya mwalimu wao wa hesabu.

Ijumaa, 10 Novemba

Leo nimeharibu.

Tulikuwa ndio kwanza tumemaliza kula na kufungua mlango. Mvua ilishuka ghafla, wabeba mizigo wakajibanza kwenye kibaraza changu na mikokoteni yao, Anuari naye akavuka kuja kupiga stori. Jovitha alikuwa amesimama karibu nami. Nikaona sketi yake ya shule imekunjwa kiunoni na kubanwa na pini, kwa sababu imekuwa kubwa. Ile pini ilinipanda kichwani. Nilijiona baba wa kwanza Kariakoo nzima.

"Njoo mama, panda hapa," nikamwambia, nikionyesha mzani wetu wa chini, ule wa kupimia marobota yanayokwenda kwenye mabasi.

Akanitazama. Nikasema, "Panda, usiogope, baba yako nipo." Akapanda. Nikasogeza vyuma, nikaisoma namba kwa sauti ileile ninayomsomea karani wa basi, halafu nikataja na ile ya Oktoba ili wote waone tofauti. Wabeba mizigo wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mtoto wa Mangi anapungua, hongera!" Walipiga makofi kwa moyo mwema kabisa. Ni Anuari peke yake aliyekuwa anatazama mvua.

Jovitha akashuka. "Asante, Baba," akasema, akachukua begi lake, akatoka kwenye mvua.

Nilidhani amefurahi. Nilikuwa bado natabasamu niliposikia cherehani imenyamaza huko nyuma. Josepha akaja mpaka mbele.

"Umempima mtoto kama robota."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nyumbani Jovitha alikuwa amejifunika, akasema ameshiba. Josepha amekuta maganda ya biskuti chini ya mto.

Mwezi mzima wa kushusha mlango ili asitazamwe, na mimi mwenyewe nikamweka juu ya mzani mbele ya mtaa. Nilijivuna, hiyo ndiyo habari yenyewe. Nilitaka watu waone kazi yangu, na kazi haikuwa yangu, ni ya mtoto. Nina hasira na hakuna wa kumkasirikia.

Jumamosi, 11 Novemba

Kwetu baba haombi radhi kwa mtoto. Anamnunulia kitu, yanaisha. Nilishaanza kuwaza baiskeli, Josepha akasema, "Baiskeli atakupandia wewe usoni." Basi nimemwita Jovitha sebuleni, nikakaa nikasimama nikakaa tena.

"Jovi, jana nilikukosea. Nilisema namba ni ya kliniki, halafu nikaitangaza. Nisamehe."

Akafikiri. "Na wale uliowatangazia, umewaambia umekosea?"

"Bado."

"Haya," akasema, akarudi chumbani.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimewakusanya wabeba mizigo na kuwaambia nilifanya kosa kumpima mwanangu mbele yao, na mtu asimtajie tena habari hiyo. Mkubwa wao akasema, "Mangi, sisi tulipiga makofi kwa heri." Nikamjibu najua, kosa si lenu. Mmoja akaniambia pole. Ilinigharimu, lakini nilimaliza nikiwa nimesimama wima.

Saa tisa tulifunga. Jovitha hakuja, alipitiliza nyumbani. Tulikula wawili, sahani yake tukaifunika.

Jumanne, 14 Novemba

Nimemweleza Severa kwa simu. Nilitegemea anichambe. Akasema, "Endeleeni kufunga. Msimfuate, msimbembeleze, msimletee chakula chumbani. Akitaka kurudi akute mpo."

Duka lilifungwa. Hakuja.

Jumatano, 15 Novemba

Hakuja.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua. Hakuja. Msimu wa Krismasi umeanza, watu wa Mbeya na wa Njombe wamejaa mtaani, na mimi nimekaa gizani na mke wangu tunatafuna kabichi. Nilimuuliza tunafunga kwa ajili ya nani. Akasema, "Kula." Kwa kweli nimeanza kuipenda nusu saa hii. Leo tumekumbushana tulivyokutana, akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba shati langu la siku ile lilikuwa nje ndani na alikaa kimya kwa huruma.

Jumanne, 21 Novemba

Hakuja. Anuari ameanza kuwaambia wateja wangu wakae kwenye viti vyake mpaka nifungue. Huyu mtu nimegombana naye miaka kwa sababu ya boksi zake kujaa mpaka upande wangu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimefurahi mpaka naona aibu kuandika.

Tulikuwa tumeshusha mlango, tumepakua. Ukagongwa kwa chini, taratibu. Josepha akaupandisha kidogo, Jovitha akapita kwa kuinama, maji yanamtiririka kwenye nywele. Akajifuta na shuka la sampuli, akakaa mahali pake, akafunua sahani yake.

"Leo hamkuweka ndimu?" akauliza.

Josepha akakata ndimu. Tukala, halafu mtoto akaanza mwenyewe.

"Nilikuwa napita kila siku."

"Unapita wapi?" nikauliza.

"Upande wa Anko Anuari. Nilikuwa naangalia kama mmefunga. Nilijua mkiona siji mtafungua." Akatafuna. "Hata ile siku watu wamejaa mpaka barabarani, mlikuwa mmefunga."

Nilijifanya pilipili imeniingia machoni. Pilipili haikuwepo.

Jumatatu, 27 Novemba

Maharage, mchicha, ndizi moja moja. Duka lilifungwa, tulikuwa watatu.

Jumamosi, 2 Desemba

Jovitha ameandamana na mama yake sokoni kuchagua mboga. Amerudi na bilinganya ambazo mimi sizipendi. Sheria ni chakula kimoja kwa wote, akanikumbusha. Nimekula bilinganya.

Jumatano, 6 Desemba

Kliniki. Tumepimwa wote watatu, mlango umefungwa. Namba ya Jovitha nimeisikia na imebaki hukohuko. La sukari ameniruhusu kuandika: imeshuka, imerudi panapotakiwa. Severa alisema safari bado ndefu na tusilegeze kamba. Na presha yangu, ambayo sikuwa hata najua ninayo, nayo imeshuka. Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Tumerudi Kariakoo kwa miguu na nilitembea katikati yao kama bwana harusi.

Severa alimuuliza Jovitha, "Shuleni unakula?" Akajibu, "Shuleni bado. Kwetu ndiyo."

Ijumaa, 8 Desemba

Naandika hii leoleo kabla haijapoa.

Ni wiki ya mwisho ya manunuzi. Kuanzia asubuhi hapakuwa na pa kukanyaga. Saa tisa nilishusha mlango nikisikia watu wakiguna nje, tukakaa. Wali, samaki, mchicha, kachumbari. Hatujafika hata nusu, mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Mangi! Mangi we! Ni Mama Benedikta! Gari langu la Songea linaondoka jioni hii, nataka mzigo wote! Kama umefunga naingia kwa mwingine!"

Huyo ndiye Krismasi yangu, na ada ya shule ya Jovitha mwakani. Nilikuwa nimeshanyanyuka kabla akili haijafika. Josepha alinitazama tu akiwa ameshika kijiko, na nikajua nikiufungua mlango kuuza, mlo umekwisha. Na nisipoufungua, Mama Benedikta amekwenda kwa mwingine. Nikabaki nimesimama kati ya sahani na mlango.

Jovitha akaweka kijiko chini. "Kaa, Baba."

Akanawa vidole, akaenda mlangoni. Nilidhani ataupandisha kidogo amwombe asubiri. Hakuishia hapo. Aliusukuma kwa mikono miwili, juu, juu zaidi, mpaka ukagonga mwisho, na mwanga wa mtaa mzima ukaingia ndani. Nje walikuwa Mama Benedikta, nyuma yake wateja, wabeba mizigo wote na mikokoteni yao, Anuari anatoka msikitini na kofia kichwani. Wote wanatutazama sisi, hotipoti, na samaki.

"Shikamoo, mama," Jovitha akasema. "Karibu, tunakula."

Mama Benedikta alikuwa na hasira mdomoni tayari. Lakini umemkuta mtu anakula, amekukaribisha, na ni mtoto, utafanya nini? "Marahaba mwanangu," akasema, akavua viatu, akanawa, akakaa kwenye robota karibu na Josepha. "Haya nipe na mimi. Tangu asubuhi sijala kitu."

Nilingoja Jovitha aushushe mlango. Akauacha ulivyo. Akarudi mahali pake, akakaa akiwa ameuelekea mtaa, akachukua tonge la wali na mchicha, akalitia mdomoni, akatafuna mbele ya Kariakoo yote. Mbeba mizigo mmoja alikuwa anamtazama. Jovitha akamkazia macho, akameza tonge, akamwambia, "Karibu, kaka."

"Asante, nimekula," yule akajibu, akageuka na mkokoteni wake.

Jovitha akachukua tonge jingine. Alikuwa anamsimulia Mama Benedikta habari za mwalimu wa hesabu, wali ukimtoka mdomoni, na Mama Benedikta anacheka anapiga paja. Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale. Nimewahi kuuza kontena zima kwa siku moja, nimewahi kuwajengea wazazi wangu nyumba ya matofali Rombo, na sijawahi kujivuna kama leo, na safari hii sikutaka kumwonyesha mtu.

Jovitha akanyanyua macho akaniona.

"Baba, njoo ule. Chakula kinapoa."